Faini ya Barabarani: Kulipa au Kupinga?

Bwiza, jijini Bujumbura, Burundi, ni mtaa wa pilikapilika. Polisi akimsimamisha dereva, hasira hutangulia, kumbe ingefaa macho yatangulie.

Karatasi aliyoandikiwa inasema nini? Nambari ya gari, tarehe, mahali na kosa vyote viwe sahihi. Kosa lenyewe nalo liwe katika sheria. Machi 2022, kwa mfano, pikipiki, baiskeli na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya jiji la Bujumbura. Aliyekamatwa huko baada ya hapo hakuwa na hoja nyingi.

Kosa likiwa la kweli, kulipa mapema huokoa siku za kazi. Lakini pesa ziingie serikalini, zisiishie mfukoni mwa mtu, na risiti itunzwe.

Karatasi ikikosewa, mambo hubadilika: picha, nakala na jina la shahidi hukusanywa siku ileile.

Kenya ina mfano mzuri. Kanuni zake za 2016 za makosa madogo humruhusu dereva kukiri na kulipa, au kwenda mahakamani. Kuzidisha mwendo kwa kilomita 6 hadi 10 kwa saa ni shilingi 500. Kwa 16 hadi 20 ni 10,000. Faini ya 500 yaweza kumezwa na nauli ya kortini. Ya 10,000, mwenye ushahidi ana sababu ya kusimama mbele ya hakimu.