Safari ya Baiskeli Mpaka Mbesa

Maneno yetu ya leo ni juu ya safari ya baiskeli. Si ile ya kwenda sokoni na kurudi, bali safari ya siku nyingi, inayofanywa na watu wengi pamoja. Safari za namna hii zimekuwa nyingi siku hizi. Tangu mwaka 2003 wako watu watokao Cairo mpaka Cape Town kwa baiskeli, mwendo wa kilometa 12,000 hivi, nao wamepita mara nyingi katika nchi yetu. Na tangu mwaka 2019 uko msafara uendao Butiama kutoka Dar es Salaam, kwa kumkumbuka Mwalimu Nyerere. Yetu ilikuwa ndogo kuliko hizo. Tulikuwa watu tisa, walimu na wanachuo, tukitoka Songea kwenda Mbesa katika wilaya ya Tunduru. Lakini siku yake ya nne ilitufundisha jambo lifaalo kusimuliwa.

Siku tatu za kwanza tulifuata barabara kuu iendayo mashariki. Tulilala Namtumbo, kisha Kilimasera, mwendo wa kilometa 60 na kidogo, kisha Matemanga, kilometa 68 nyingine. Zamani barabara hii ilikuwa ya udongo, na wakati wa masika magari yalikwama humo. Sasa ni ya lami, na mpanda baiskeli huendelea bila taabu.

Kabla ya kuondoka tuliweka kanuni tatu. Ya kwanza, aendaye polepole kuliko wote atangulie, na wenye nguvu wafuate. Maana mnyonge akiwa nyuma hukazana kupita kiasi, na akianguka hapana amwonaye. Ya pili, mwenye pampu, viraka, gundi na spana awe wa mwisho, ili kila aharibikiwaye amngojee pale pale. Ya tatu, tusiondoke kabla ya kupambazuka. Kanuni hii ya tatu ilituudhi, kwa kuwa ulikuwa mwisho wa kiangazi, nasi tulitamani ubaridi wa alfajiri. Lakini nchi ya Namtumbo na Tunduru ni mapito ya tembo, waendao na kurudi kati ya Pori la Selous na hifadhi ya Niassa, Msumbiji. Tembo huvuka barabara apendapo, hasa usiku, na mpanda baiskeli hana mngurumo wa kumwonya wala bati la kumkinga.

Basi siku hiyo ya nne tuliondoka Matemanga saa kumi na mbili na nusu, kumekwisha kucha. Baada ya mwendo tukaiacha lami, tukashika njia ya udongo iendayo kusini. Hapo mambo yakabadilika. Penye mchanga mwingi gurudumu la mbele huzama, usukani hujipinda, na mtu hana budi kushuka na kusukuma. Tukapunguza upepo kidogo katika matairi ili yatandae juu ya mchanga, na jambo hilo lilitufaa. Lakini tairi lenye upepo haba huumizwa upesi na mawe, na kabla ya saa tano tulikuwa tumekwisha kuziba mipira miwili. Miyombo ilikuwa imepukutisha majani, na kivuli kilikuwa cha kutafuta.

Yapata saa sita, kijana mmoja mwanachuo, aliyekuwa mbele kwa kanuni ile ya kwanza, akaanza kuyumba. Tulipomsimamisha alilalamika kichwa, kisha akatapika, na ngozi yake ilikuwa ya moto. Tukaitazama chupa yake ya maji, nayo ilikuwa imejaa zaidi ya nusu. Alikuwa akijinyima, akiyaweka maji kwa safari iliyobaki.

Tukamlaza chini ya mkorosho, tukamvua shati, tukamfunika kitambaa kilicholowa maji na kumpepea. Tukachanganya maji ya kunywa kwa kipimo kijulikanacho: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikiwa sawasawa, bila kilima. Tukamnywesha kidogo kidogo, lakini alichokunywa hakikukaa. Akasema, "Walimu, niacheni hapa. Nendeni, nami nitafuata jua likipunga." Mkubwa wetu akamjibu, "La, mwanangu. Tumetoka tisa, tutafika tisa."

Neno hilo lilikuwa jema, lakini halikumpunguzia homa. Baiskeli zetu zilikuwa nyepesi, zenye gia, nzuri kutazamwa. Wala hapakuwa na hata moja yenye keria iwezayo kumchukua mtu. Tukiwa katika shauri hilo akatokea mzee mmoja juu ya baiskeli nzito ya chuma isiyo na gia, akitoka kusagisha, na nyuma yake gunia la unga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Huyu ana nini?"

Hakungoja maelezo mengi. Aliteremsha gunia, akamketisha kijana juu ya keria. Tulipoleta kamba alikataa, akasema kamba hukata mwili. Akaomba shuka, akajifunga pamoja naye, kifua cha mgonjwa juu ya mgongo wake. Akasema, "Mke wangu nilimpeleka Mbesa namna hii hii, usiku, uchungu umemshika. Mtoto yule sasa yuko darasa la sita." Kisha akaondoka kuelekea hospitali ya misheni ya Mbesa, na wawili wetu wakamfuata karibu ili kumshika mgonjwa penye mchanga. Sisi tuliobaki tukalipakia gunia lake juu ya baiskeli ya kijana, tukalisukuma mpaka nyumbani kwake, kama alivyotuelekeza.

Tulifika Mbesa jua halijatua. Kijana alikuwa kitandani, anatiwa maji kwa mshipa, na asubuhi yake aliomba uji. Mzee yule hakutaka fedha zetu. Alikubali jambo moja tu: tumzibie mpira wa gurudumu la mbele, uliokuwa ukivuja polepole.

Wasikilizaji, wengi mnaotusikia mnatumia baiskeli kila siku kwa unga, kwa korosho, na kwa wagonjwa, nanyi mnayajua haya kuliko sisi. Lakini ninyi vijana mnaotaka kusafiri kundi zima, shikeni mambo haya. Maji yanywewe kwa saa zilizopangwa, mtu asingoje kiu; na kila mnapopumzika, mkubwa wa msafara azitazame chupa za wote, kwa maana aonaye haya hatasema. Na katika kundi lenu, hata kama baiskeli zote ni nyepesi, iwepo moja yenye keria imara, na ajuaye kuiendesha ikiwa na mtu nyuma.

Kwaherini, na safari zenu ziwe njema.