Kutoa Kiolezo Kwenye Nguo Iliyokwisha Kushonwa: Mada kwa Mafundi Wanaoanza



Fundi anayeanza akitaka kutoa kiolezo cha blauzi, kwa kawaida huilaza juu ya gazeti, akapitisha kalamu pembezoni. Anachopata ni kivuli cha blauzi, wala si vipande vyake. Nguo iliyoshonwa ina marinda, mabega yaliyoinama na mikono iliyojazwa kwa juu, na hivyo vyote havilali sawasawa mezani. Hoja yangu ni kwamba tunanakili kipande kimoja kimoja, na kila kipande kwa kufuata uzi wa kitambaa.

Uchaguzi wa nguo uje kwanza. Wengi wenu mtashona vitenge, na kitenge hakivutiki. Basi msitoe kiolezo kwenye fulana, kwa maana fulana huweza kuwa ndogo kuliko mwili na bado ikavalika, kwa vile inanyumbuka. Vipimo hivyo vikihamia kwenye kitenge, mteja atakwama mabegani. Nendeni kwenye mitumba, iwe soko la Karume au la Memorial kule Moshi, mtafute blauzi ya pamba isiyo na bitana, inayomkaa vizuri mtu mnayemfahamu.

Kabla ya kuifumua blauzi hiyo ili kupata vipande, tieni alama za chaki: katikati ya mbele, katikati ya nyuma, mahali mkono unapokutana na mshono wa bega, na upande wa mbele wa mkono. Alama hii ya mwisho husahauliwa sana, nami naiona kuwa muhimu kuliko zote. Kwapa la mbele huchimbwa zaidi ya la nyuma. Mkono ukigeuzwa, blauzi huvuta kila mvaaji anaponyoosha mkono mbele. Kisha fumueni nusu moja tu. Nusu nyingine ibaki na mishono yake, muitazame wakati wa kuunganisha.

Vipande vipigwe pasi kwa kubonyeza, bila kuburuta. Shingo na kwapa zimepita mshazari, hivyo hutanuka upesi. Chorani mstari mnyoofu kwenye karatasi ya kaki, mlaze kipande hadi nyuzi za mtande ziende sambamba na mstari huo, ndipo mbane kwa pini. Fuateni matundu ya sindano ya mshono wa zamani, si ukingo wa kitambaa, maana hatujui aliyekata aliacha kiasi gani. Baada ya hapo ongezeni nafasi yenu wenyewe: nusu inchi ubavuni na begani, robo inchi shingoni, inchi moja na nusu kwenye pindo.

Sasa pimeni. Ubavu wa mbele na wa nyuma ulingane. Kichwa cha mkono, kwa upande wake, kitazidi mzunguko wa kwapa kwa takriban inchi moja. Wanafunzi wengi hudhani ni kosa, wakakipunguza. Msikipunguze, kwani ziada hiyo ndiyo inayoleta mviringo wa bega, nayo huingizwa kidogo kidogo wakati wa kushona.

Kila karatasi iandikwe jina la kipande na mshale wa uzi. Halafu shoneni blauzi ya majaribio kwa amerikani au shuka kuukuu. Nawaomba sana, mkasi usiguse kitenge cha mteja kabla blauzi hiyo haijavaliwa na mtu, akainua mikono na kuketi nayo.