Kinanda cha Begani: Tutazame Vifaa Vyake Kwanza

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama wa tawi letu la Dar es Salaam, Mwenge)



Mnakumbuka kwamba vijana wa bendi ya shule yetu wametuomba kinanda cha kuvaa begani kama gitaa. Kamati imenitaka niseme neno kabla hatujachanga, kwa kuwa tangu nilipomaliza Chuo Kikuu, mbali ya kazi yangu ya serikali, Jumamosi nyingi mimi hupiga kinanda kwenye harusi za hapa Mwenge na Sinza.

Wapo waliosema chombo hiki ni pambo tu. Sikubaliani nao. Mpiga kinanda wa kawaida amefungwa nyuma ya meza yake, na waimbaji wako mbele. Kinanda cha begani kinamtoa huko. Kampuni ya Moog ilitoa chake mwaka 1980. Korg na Yamaha wakafuata na vya kwao, RK-100 na KX5, mwaka 1984. Bingwa wa jazi wa Marekani, Herbie Hancock, amesimama navyo katika majukwaa makubwa. Kwa hiyo vijana hawajaomba mwanasesere.

Lakini Ndugu Mwenyekiti, sisi watumishi wa serikali tunajua habari ya gari lililonunuliwa bila fungu la matairi. Hapo ndipo penye hoja yangu.

Jambo la kwanza ni sauti. Vinanda vingi vya begani havina sauti yao wenyewe. RK-100, KX5, na hata AX-7 ya Roland inayouzwa sana mitumba, ni vibonye tu: hutuma amri kwa kinanda kingine kwa njia ya MIDI, mpango ulioanza mwaka 1983. Ukiviunga moja kwa moja na spika, kimya. Vyenye sauti ndani ni kama AX-Synth ya mwaka 2009 na AX-Edge ya mwaka 2018, navyo bei yake ni kubwa zaidi. Sasa shule yetu tayari ina kinanda cha mezani. Mtu akatazame nyuma yake. Akiona tundu la duara lenye matundu madogo 5, lililoandikwa MIDI IN, basi kile cha bei ndogo kitatufaa, pamoja na waya wake mrefu wa MIDI. Akikuta tundu la USB peke yake, hapana budi tununue chenye sauti, au tuahirishe.

La pili ni mkanda. AX-Synth ina uzito wa karibu kilo 4, na mpigaji ni mtoto wa kidato cha pili atakayesimama saa mbili. Mkanda mwembamba utamkata bega. Mafundi wetu wa viatu na mabegi wanaweza kushona mkanda mpana wa ngozi wenye sifongo ndani. Vichwa vyake vifungwe kwa vishikizo vya kukaza, maana chombo kikianguka mara moja, mchango wetu wote uko sakafuni.

La tatu ni umeme. AX-Synth na AX-Edge hutumia betri ndogo 8 za kuchajiwa. Tununue 16, ili 8 ziwe kwenye chaja wakati 8 ziko kazini. Adapta nayo iangaliwe kwa makini. Umeme wetu ni volti 230; adapta ya Japani imetengenezwa kwa volti 100, na ya Marekani kwa 120. Kadhalika kampuni moja huweka chanya katikati ya plagi, nyingine huweka hasi. Alama iliyochorwa kwenye adapta ifanane na ile ya kwenye kinanda. Kuingia tu kwenye tundu hakutoshi.

La nne ni spika. Spika ya gitaa huvuruga sauti za kinanda. Afadhali chombo kipite kwenye miksa na spika kubwa za ukumbi wa shule. Waya uwe mrefu, na upitishwe kwanza kwenye mkanda ndipo uingie tunduni, ili mtu akiukanyaga usichomoke.

La tano ni kasha gumu na vifuko vya kunyonya unyevu, maana joto la pwani na chumvi yake hula viungo vya chuma.

Mwisho ni umiliki. Bendi ya NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964, vyombo vilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki walikuwa waajiriwa wake. Mwanamuziki aliyeondoka aliviacha vyombo, na bendi ikaendelea. Nasi tufanye hivyo. Kila kitu, hata waya, kiandikwe kwenye daftari la mali ya shule, na mwalimu mmoja akabidhiwe ufunguo. Asiwepo mwanachama wa kuazima kwa ajili ya harusi, nami nikiwamo.

Kwa hiyo basi, natoa pendekezo: fedha zitakazopatikana tuzigawe mafungu mawili sawa, moja la kinanda, moja la vifaa nilivyotaja. Fungu la vifaa lisipotimia, tusinunue kinanda mwaka huu. Najua vijana watasononeka. Lakini watasononeka zaidi wakipewa chombo, wakakivaa mbele ya wazazi wao siku ya mahafali, kisha kisitoe sauti.