Mtaji wa Mbali na Jasho la Mtunzi

(Mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa umma, Itetemia, Tabora)



Sisi wa Unyanyembe hatuna haja ya kufundishwa maana ya mtaji utokao mbali. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilipita hapa, kati ya pwani na Ujiji. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo mabegani; lakini nguo na shanga zilizokuwamo mara nyingi zilitolewa kwa mali kauli na tajiri aliyekaa Unguja. Taria Topan alimkopesha Tippu Tip kwa mtindo huo. Mwenye mtaji hakulazimika kuikanyaga njia, lakini hesabu ya pembe ilianzia kwake na kuishia kwake.

Leo msafara ni mwingine. Vijana wetu wanatunga nyimbo, vichekesho na masomo, na kuvisambaza kwa intaneti. Njia yenyewe ni mali ya makampuni ya nje. YouTube humwachia mtunzi asilimia 55 ya mapato ya matangazo katika video ndefu. Lakini kabla ya kupata mgawo huo, mtunzi wa video hizo sharti awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12. Kazi ya miezi yote hiyo anaigharamia mwenyewe.

Hapo ndipo anapoingia mwenye mtaji. Mwaka 1912 reli ilipofika Tabora, mzigo ulihama mabegani. Mwenye mtaji hakuhama. Mwaka 2022 SoftBank ya Japani iliongoza uwekezaji wa dola milioni 200 katika Spotter, kampuni ya California. Spotter humlipa mtunzi fedha taslimu leo, kisha yenyewe ikapokea kwa miaka kadhaa mapato ya matangazo ya video zake za zamani. Je, hiyo si mali kauli iliyovaa kanzu mpya? Hapa jirani, Mdundo, kampuni ya muziki iliyoanzia Nairobi, iliingiza hisa zake katika soko la Copenhagen mwaka 2020. Wimbo unaimbwa Afrika. Hisa ziliuzwa Denmark.

Ndugu zangu, mtaji si adui. Kamera hainunuliwi kwa maneno. Lakini fedha za namna hii huwekwa katika kampuni changa nyingi kwa matumaini kwamba chache zitakua upesi na kufidia hasara ya nyingine. Riba ilipopanda Marekani kuanzia mwaka 2022, wenye fedha walirudi nyuma. Mtunzi aliyekwisha kuuza mapato ya kesho hana pa kurudi.

Kwa hiyo hapana budi mwalimu amfundishe kijana kusoma mkataba kama anavyomfundisha kusoma ramani. Maswali ni matatu: Kazi ni ya nani mkataba ukiisha? Mapato yameuzwa kwa miaka mingapi? Nani anashika daftari, na mtunzi anaruhusiwa kulikagua? Mtumishi wa umma naye amwelekeze kijana kwenye Ofisi ya Hakimiliki akasajili kazi yake, na awasaidie vijana kuunda ushirika wa kununulia vifaa, ili mkopo wa kwanza utoke kwa wenzao.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Babu zetu waliibeba mali hiyo mabegani. Wajukuu wao wawe na daftari lao wenyewe.