Kanga, shoga na maneno tusiyoyasema

(Mazungumzo niliyoyatoa mbele ya kina mama wa pwani tunaoishi kaskazini ya Uingereza. Nimepunguza salamu tu, mengine ni kama nilivyoyasema.)

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi baba zangu wawili watatu mliokaa karibu na mlango mkidhani hamuonekani.

Nimeombwa nizungumze juu ya afya kwa kuwa mimi ni nesi. Presha na sukari tutaziongea siku nyengine inshallah. Leo nataka kusema juu ya kanga, na hospitali nitafika kwa njia hiyo hiyo.

Mwaka 2018 nilikwenda Gateshead, ng'ambo ya mto ukitokea Newcastle, kwenye jumba la sanaa liitwalo BALTIC. Zamani kilikuwa kinu cha unga. Kulikuwa na maonyesho ya Lubaina Himid, mtoto wa Unguja. Kazaliwa huko 1954, baba Mngazija, mama Muingereza ambaye kazi yake ilikuwa kuchora nakshi za vitambaa. Baba alifariki mtoto bado ni wa miezi tu, mama akamchukua wakaja huku. Akakulia huku, akawa profesa Preston, na 2017 akapata Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa ya nchi hii, mwanamke mweusi wa mwanzo kuipata. Mimi nilikuwa silijui hata jina lake. Sisi wallahi tunawajua mawaziri wa kwetu mpaka madereva wao, lakini mtu kama huyu tunakuja kuambiwa na Wazungu kazini.

Nilikuta vitambaa vikubwa vimetundikwa kama bendera, vyote vimechorwa kwa mpango wa kanga: pindo, mji, na jina chini. Nilitaka kulia, maana nilikuwa sijakwenda nyumbani miaka mitano. Kisha nikasoma majina. Maneno yalikuwa ya waandishi weusi, miongoni mwao James Baldwin, Audre Lorde na Essex Hemphill. Kwa asiyewajua, hao watatu ni watu waliopenda watu wa jinsia yao na hawakulificha hilo. Hemphill alikufa kwa UKIMWI 1995.

Jambo la mwanzo lililonijia ni hasira. Nikasema huyu mama kachukua vazi la bibi zetu kaligeuza. Nilitoka nikaenda kunywa chai.

Chai ilipopoa nikaanza kufikiri vyengine. Kanga ilianza lini kuandikwa? Mnajua wenyewe ilitokana na leso, vitambaa vya mkononi vilivyounganishwa sita sita. Baadaye ndiyo likaja jina. Huko Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa Abdulla, ndilo linalotajwa sana kwa kuyaeneza maneno hayo, mwanzo kwa herufi za Kiarabu. Tangu hapo mwanamke asiyeweza kufungua mdomo mbele ya mume, mawifi au mke mwenza hununua doti, akajifunga, akapita. Akiulizwa, ni nguo tu. Sasa ikiwa kanga kazi yake ni kumsemea asiyeweza kusema, Lubaina kageuza kitu gani hapo?

Na hapa nataka nisimame kidogo kwenye neno shoga. Bibi yangu alikuwa na shoga yake wa Malindi, wamesuhubiana tokea chuoni mpaka mmoja anamzika mwenzake. Likiitwa neno hilo barabarani lilikuwa tamu. Leo ni tusi la kumtupia mwanamme, na hata sisi wanawake wengine tunaona haya kuitana. Neno tumenyang'anywa na hatukusikitika.

Sasa hospitali. Mwaka mmoja kabla ya maonyesho hayo, kwenye wodi niliyokuwa nikifanya kazi, alilazwa mama wa pwani, umri wake hamsini na kitu, saratani imeshatambaa. Simtaji, na mji wenyewe siutaji. Alikuwa akija mwanamke mwenzake, kila siku, na uji kwenye chupa ya chai. Waliishi nyumba moja zaidi ya miaka ishirini. Mgonjwa mwenyewe alimwita shoga yangu. Walikuwa nini, mimi sikuuliza na si kazi yangu kuuliza. Kazi yangu ilikuwa fomu, na kwenye fomu, pale pa kuandika mtu wa kupigiwa simu na kushauriwa, mgonjwa alitia jina la yule shoga, kwa akili zake timamu.

Siku za mwisho wakaja jamaa kutoka London. Shoga aliletewa kiti korido. Alikuja na kanga, upande mmoja wa doti, akaniomba nimfunike mwenzake. Nikamfunika. Jamaa mmoja akaivua, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti. Kisha akanitazama akaniambia, "Mwanangu, wewe si mwenzetu?"

Nikanyamaza. Fomu nilikuwa nayo mkononi. Ningeliweza kumwita nesi mkuu, ningeliweza kusema sheria ya hospitali inamsikiliza mgonjwa. Kwa mgonjwa wa Kizungu ningelisema, na hili ndilo linaloniuma. Mama alifariki alfajiri. Walimuosha wenyewe, na shoga hakuingia.

Najua humu ndani wapo watakaosema dini iko wazi. Sikuja kufundisha dini. Najua pia kuwa Zanzibar mwaka 2004 ilipitishwa sheria iliyowatia hata wanawake hatiani kwa kupendana. Lakini sisi tuko huku, tunazeeka huku, na wengi wetu atakayetuletea uji hatokuwa ndugu wa tumbo moja. Wajane mko wangapi hapa mnaokaa wawili wawili? Mmeandika jina la nani?

Fomu nimekuja nazo, ziko kwenye meza ya sambusa. Nitakaa mpaka saa mbili za usiku kumsaidia asiyejua Kiingereza. Na aliyeudhika aje aniambie mimi mwenyewe, asimpigie simu mama yangu Unguja.