RUZUKU IFIKE NYUMBANI NZIMA
Maneno ya Katibu wa Tawi kwa wanachama wote



Haya ndiyo maneno yaliyosemwa katika kikao cha Jumamosi. Wengi hawakufika kwa kuwa mvua nayo haikusubiri kikao, kwa hiyo tumeyaandika na kuyatuma humu kama yalivyosemwa. Ni marefu kidogo. Mwenye simu amsomee asiye nayo.

Ndugu wanachama, agenda iliyochukua muda mwingi ilikuwa mabati ya ofisi ya tawi. Likatoka pendekezo kwamba siku ya malipo ya TASAF mtu wetu akae jirani na meza akiwa na kitabu cha risiti, na kila mnufaika achangie shilingi 5,000. Hoja ilikuwa kwamba hizo ni pesa za bure, wamepewa, basi nao watoe. Likafuata pendekezo la pili, kwamba anayepokea aonyeshe kwanza kadi ya Chama.

Kamati imeyakataa yote mawili. Tunaeleza sababu, maana kukataa bila kueleza huzaa manung'uniko, na haya tumeshayasikia hadi kisimani.

La kadi tulimalize haraka. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ni wa Serikali. Kigezo chake ni umaskini wa kaya, na majina hupita kwenye mkutano wa kijiji mbele ya watu wote. Mwanachama atakayemwambia mjane kwamba bila kadi hapati fedha, huyo hakutumwa na tawi hili. Kadi tunauza kwa hoja. Hatuuzi kwa njaa ya mtu.

Sasa hizo 5,000. Sisi tuliosomea uhasibu hatuwezi kuiona tarakimu tukaipita, kwa hiyo tuvumilieni.

Mpango huu ulipoanza kuenea nchini katika awamu ya tatu ya TASAF, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Kaya yenye watoto iliongezewa 4,000, mtoto mdogo anayepelekwa kliniki 4,000 nyingine, na kila mwanafunzi wa shule ya msingi 2,000. Kwa kaya yoyote, kikomo kilikuwa 38,000 kwa mwezi. Viwango vimebadilika tangu hapo, lakini kwa hesabu yetu vinatosha.

Tuchukue kaya ya mfano: mama, watoto wawili wa shule ya msingi na mmoja wa kliniki. Jumla ni 22,000 kwa mwezi, na kwa kuwa malipo hufanyika kila baada ya miezi miwili, anapokea 44,000. Tuseme amepanga hivi: chakula 22,000, madaftari, kalamu na sabuni 6,000, hisa za kikoba 8,000, yaani 1,000 kila wiki kwa wiki nane, na 8,000 ya mbegu au mtetea wa kuanzia ufugaji.

Mkateni 5,000 pale mezani. Atapunguza wapi? Chakula hakipunguziki, watoto watalala njaa. Madaftari hayapunguziki, mwalimu atawarudisha nyumbani, na kuhudhuria shule ni mojawapo ya masharti ya ruzuku yenyewe. Zinabaki hisa na mbegu. Kwa hiyo tukikata 5,000 hatumpunguzii matumizi, tunamkatia lengo lake.

Tuseme amekata kwenye hisa, zikabaki 3,000. Katika vikundi vyetu vingi mwanachama hukopa hadi mara tatu ya akiba yake. Kwa malipo sita ya mwaka angekuwa na hisa za 48,000 na uwezo wa kukopa 144,000. Baada ya makato yetu, kama kila malipo yatakatwa, ana hisa za 18,000 na uwezo wa kukopa 54,000. Tawi limepata 30,000 kwa mwaka, na yeye amepungukiwa mkopo wa 90,000. Hapo hatujaweka faini ya wiki ambazo hakununua hisa, na wanakikoba mnajua faini ilivyo chungu. Halafu sisi tukishamaliza, aje wa choo cha shule na kitabu chake, aje na wa maabara. Vitabu vitatu vya risiti vinatosha kuifanya ruzuku irudi ilikotoka kabla haijafika nyumbani.

Na hili neno "pesa za bure" tulitazame vizuri. Sehemu ya fedha hizi ni ujira. Katika awamu hiyo kaya yenye mtu wa kufanya kazi ilipata ajira za muda za siku 60 kwa mwaka, kwa 2,300 kwa siku, yaani shilingi 138,000 za jasho, kwa kuchimba malambo, kutengeneza barabara na kupanda miti. Nyingine zina sharti la kliniki na shule. Mama anayembeba mtoto mgongoni kilomita kadhaa ili apimwe uzito naye ana jambo analolifanya.

Tuje kwenye pombe, maana ndiyo hoja iliyopigiwa makofi. Wapo walevi kijijini, hatukatai, na walikuwepo kabla ya ruzuku. Swali ni kama ruzuku inawaongeza. David Evans na Anna Popova, wakati huo wakiwa watafiti wa Benki ya Dunia, walikusanya tafiti 19 kutoka nchi mbalimbali zilizotazama jambo hilihili. Kwa ujumla hawakuona ongezeko la matumizi ya pombe na tumbaku kwa wanaopewa fedha taslimu. Aliyemwona mnufaika mmoja kilabuni siku ya malipo amemwona mmoja. Wale waliokwenda moja kwa moja dukani kununua sare za shule hakuna aliyewahesabu, kwa kuwa sare hazipigi kelele.

Hapa nchini majaribio yalifanyika tangu 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Vilichukuliwa vijiji 80, nusu vikaanza kupokea, nusu vikasubiri, kisha vikalinganishwa. Kaya zilizopokea zilijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii, zilinunua zaidi viatu vya watoto, na zilikuwa na kuku na mbuzi wengi zaidi. Hakuna aliyewapangia wanunue kuku. Sharti lilihusu shule na kliniki, kuku ni akili yao wenyewe. Tunalisisitiza hili kwa kuwa baadhi yetu tumezoea kudhani kwamba maskini hana mipango. Anayo, tena mingi. Kinachomkosesha ni fedha ya kuanzia, na uhakika kwamba itakuja tena.

Wenzetu wa Kenya wamelipima jambo hili kwa kina zaidi. Huko Rarieda, kaunti ya Siaya, shirika la GiveDirectly lilizipa kaya maskini fedha bila sharti lolote. Wengine walipewa kidogokidogo kila mwezi, wengine kwa mkupuo. Waliopata kila mwezi walikuwa na uhakika zaidi wa chakula. Waliopata kwa mkupuo walinunua zaidi vitu vya kudumu. Na kitu kimoja kilichopendwa sana katika mradi huo, ndugu zangu, kilikuwa mabati. Nyumba ya nyasi hudai nyasi mpya kila mara, bati hukaa miaka. Sasa tutafakari: sisi tulikuwa tunataka kuchukua fedha ambayo mjane angenunulia bati la nyumba yake, tukaezekee ofisi.

Baadaye shirika hilohilo likaanza mradi mrefu Siaya na Bomet, ambako baadhi ya watu waliahidiwa fedha za kila mwezi kwa miaka 12. Waliokuwa na ahadi hiyo walitumia sana vikundi vya kuzungushiana fedha: kila mwezi wanachanga, anayefikiwa na zamu anabeba mkupuo na kufungua biashara. Sisi tunaita upatu au mchezo, wao vikundi vyao huviita chama. (Kwa hiyo Mkenya akikwambia chama chake kimempa mtaji, usikimbilie kuuliza cha siasa gani.) Kidogo cha uhakika, kikikaa mikononi mwa wanaojua kupanga, hugeuka mtaji. Lakini ni lazima kije kwa wakati na kije kamili. Mwenye zamu ya mwezi wa tatu hawezi kulipwa na mtu aliyekatwa mwezi wa pili.

Tumesikia pia wasiopokea wakisema, sisi tunapata nini? Ni swali halali. Katika utafiti mwingine wa Siaya, kati ya 2014 na 2017, kaya zaidi ya 10,500 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja, katika eneo la vijiji 653. Watafiti wakafuatilia fedha inakwenda wapi. Walikuta kila dola iliyoingia ilikuza uchumi wa eneo lile kwa takriban dola 2.5, na kaya ambazo hazikupewa kitu nazo matumizi yao yaliongezeka. Bei za bidhaa zilipanda kidogo sana, chini ya asilimia moja. Ruzuku yetu ni ndogo mno ukilinganisha na ile, hatusemi itazaa vilevile. Ila njia ni ileile: mama akinunua unga, mwenye mashine anasaga, akisuka mkeka na kuuza, mwenye duka analipwa deni lake, akitaka kujenga, fundi anaitwa. Katika wanachama wa tawi hili wapo mafundi na wenye maduka. Fedha hiyo itawafikia, lakini wataipata kwa kuuza.

Hatusemi mpango hauna kasoro. Malipo yakichelewa hadi palizi, fedha ya mbegu haina maana tena. Zahanati ikiwa mbali, sharti la kliniki linakuwa mzigo kwa yule tunayetaka kumtua mzigo. Na katika kila orodha kuna aliyestahili akaachwa, na kuna ambaye majirani wanajiuliza aliingiaje. Hayo tuyaseme kwa sauti, ila tuyaseme panapohusika: kwenye mkutano wa kijiji na kwa Kamati ya Usimamizi ya Jamii. Kuyasema kilabuni kunamwaibisha jirani tu.

Baada ya maelezo hayo, maamuzi ya Kamati ni haya.

Siku ya malipo hakuna mwanachama atakayekaa karibu na meza kwa jina la tawi, awe na risiti au asiwe nayo. Kwa wanaolipwa kwa simu, vijana wetu wanaowasaidia wazee kwenda kwa wakala wasiulize namba ya siri, wasiishike simu, na wasidai "ya soda". Mzee akibonyeza taratibu, foleni itamsubiri.

Mnufaika ambaye ni mwanachama atalipa ada yake kama mwanachama mwingine yeyote, kwa wakati wake na kwa kiwango kilekile. Asiye mwanachama hatudai chochote.

Atakayekatwa fedha na mtu yeyote, wetu au asiye wetu, amwone Katibu au kiongozi wa shina lake siku hiyohiyo, aeleze kiasi na aliyekata. Tutaandika na kupeleka kijijini kwa maandishi. Jina lake halitasomwa kwenye kikao.

Mabati ya ofisi yanabaki kuwa deni letu. Wajumbe wa Kamati wameanza kwa kuchanga wenyewe, na orodha ipo kwa Mhazini. Mwenye uwezo wa bati moja alete bati moja. Wawili wakiungana kwa bati moja ni sawa pia. Fundi mmoja wa shina la juu amejitolea siku mbili za kazi. Leteni kwa Mhazini mkatiwe risiti, na kabla ya kikao kijacho hesabu itabandikwa mlangoni, kilichoingia na kilichotoka.

Imetolewa na Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati.