Bibi, Babu na Moyo wa Mtoto



Dominika ya nne ya Julai Kanisa huwaadhimisha mababu, mabibi na wazee wote. Siku hii iliwekwa mwaka 2021 na marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Ana, tarehe 26 Julai. Majina ya wazee hao wawili hayamo katika Injili. Tumeyapokea kwa mapokeo ya kale. Lakini Mtume Paulo, katika waraka wake wa pili kwa Timotheo, anamtaja bibi Loisi kwanza, ndipo mama Eunike. Alijua imani ya kijana yule ilikotokea.

Sisi wa Matogoro twajua maana ya mahali pa kutokea. Katika milima yetu hii ndiko unakoanzia mto Ruvuma, ambao huko mbele ni mpaka wetu na Msumbiji hadi Bahari ya Hindi. Huku juu ni maji machache tu, yanayolindwa na miti. Moyo wa mtoto nao huanza hivyo, na mara nyingi mlinzi wake ni bibi.

Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini mwetu walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeguswa. Wazee waliotazamia kupumzika wakaanza upya kubeba watoto mgongoni. Katika miaka hiyo ya misiba tulitembelea nyumba moja yenye mtoto wa miaka sita, ambaye hakuwa amesema neno tangu mama yake azikwe. Majirani walisema amerogwa. Bibi yake hakubishana nao. Kila jioni alimketisha kando yake wapukuchue mahindi, naye akisimulia jinsi mama wa mtoto huyo, alipokuwa mdogo, alivyokuwa mvivu wa kazi hiyo hiyo na kuficha magunzi yenye punje. Jioni moja mtoto akauliza: “Aliyaficha wapi?”

Sisi, pamoja na miaka yetu yote ya seminari kuu, tulikuwa tumekwenda pale na maneno mengi ya faraja. Tuliyarudisha parokiani.

Mtoto yule alifundishwa kwamba msiba husemeka, na kwamba aliyekufa aweza kutajwa hata kwa kicheko. Nani mwingine angeweza kumfundisha hayo, isipokuwa mtu aliyemzaa marehemu na kumlilia?

Babu naye ana shule yake. Jirani zetu Wamatengo wa Mbinga walikuwa na sengu: kila nyumba ya ukoo ilileta chakula kwa mzee, wakala pamoja. Hapo kijana alijifunza kungoja zamu yake, kutomaliza kitoweo cha wenzake, na kusikia ugomvi ukiamuliwa bila ngumi. Siku hizi wengi wetu hula kila mtu na sahani yake, macho kwenye simu.

Tusiwasifu wazee kupita kiasi. Wapo wanaodekeza, na wapo wanaomsema mkwe mbele ya mtoto wake, hata mtoto asijue amtii nani. Hilo ni kosa, nao walisikie. Lakini kosa tulionalo mara nyingi zaidi ni letu sisi wazazi na walezi wa makamo. Mtoto huletwa kutoka mjini na mfuko mmoja wa nguo, kisha kimya. Bibi wa miaka zaidi ya sabini analima kwa ajili ya wajukuu wanne. Jioni amechoka, hana tena hadithi, ana ukali tu. Hapo tunasema bibi amebadilika! Tupeleke unga, sabuni na madaftari. Nasi wenyewe tufike, mtoto atuone.

Nanyi makatekista, mnapoandikisha watoto, ulizeni mtoto anaishi na nani. Siku ya Komunyo ya Kwanza, bibi aliyemlea apewe nafasi kwenye benchi la mbele. Na ikiwa miguu yake haiwezi tena kupanda kilima, apelekewe Komunyo nyumbani, na mjukuu ndiye awaonyeshe njia.